Kimbunga kina ratiba yake, misaada nayo ina yake

Kimbunga Idai kiliingia Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, upepo ukivuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Kulipokucha mji haukuwa na umeme wala simu, na Hospitali Kuu ilikuwa imeezuliwa paa, vyumba vya upasuaji vimeharibika. Picha zilizozunguka dunia zilikuwa za mabati na nguzo za umeme zilizolala. Balaa la pili lilikuwa bado njiani. Mvua iliyomwagika kwenye milima ya Manica na mashariki mwa Zimbabwe iliteremka na mito Pungwe na Buzi, na siku chache baadaye bonde lote likawa bahari. Mji wa Buzi ulizama, na barabara ya N6, ambayo ndiyo inayoiunganisha Beira na Dondo, Chimoio na mpaka wa Zimbabwe, ikakatika vipande. Msumbiji pekee ilihesabu vifo zaidi ya 600, na Umoja wa Mataifa ukakadiria watu milioni 1.85 wanaohitaji msaada.

Yameandikwa mengi kuhusu kiasi cha misaada iliyofika, kwamba ilitosha au haikutosha. Swali hilo lina nafasi yake, lakini halifai kutangulia. La kutangulia ni la saa. Kila hitaji baada ya kimbunga hufunguka siku fulani na hufungwa siku fulani. Petroli ya mashua ina thamani siku ya kwanza, na wiki ya pili ni mafuta tu. Dawa ya kutibu maji ikifika wiki ya tatu inakuta kipindupindu kimeshapiga hodi. Mbegu ikifika baada ya unyevu wa ardhi kukauka, inapikwa. Anayetazama jedwali la tani zilizotolewa bila kutazama tarehe atadhani kazi ilifanyika, na mara nyingi haikufanyika.

Tuanze na siku tatu za mwanzo, ambazo mashirika makubwa hayamo hata yakijitahidi vipi. Uokoaji wa saa hizo hufanywa na jirani. Kutoka Buzi, watu walivushwa kwenda Beira na mashua za wavuvi kabla helikopta hazijatosha. Chombo cha mvuvi kina mashine ya kuning'inia nyuma inayokunywa petroli, na vituo vya mafuta havina umeme wa kusukuma petroli kutoka kwenye matangi. Kamati ya maafa inayotaka kuokoa watu siku ya kwanza ingehitaji vitu vya bei ndogo kabisa: madumu ya petroli yaliyojazwa kabla ya kimbunga, oili ya kuchanganya kwa mashine zinazohitaji, kamba, tochi, na pampu ya mkono ya kunyonya mafuta kituoni. Msumbiji ilikuwa imetangaza tahadhari nyekundu tangu tarehe 12 Machi, na siku hizo tatu zinatosha kujaza madumu. Kasoro iliyojitokeza ni kwamba tahadhari ilisikika zaidi kama habari ya upepo, na mtu anayejikinga na upepo hufanya jambo tofauti kabisa na mtu anayekimbia maji. Wa upepo anajifungia ndani. Wa maji anapaswa kupanda mlimani, na bonde la Buzi halina mlima wa karibu.

Upande wa Zimbabwe, hasa Chimanimani, mahitaji yalikuwa ya sura nyingine. Huko milima ilibomoka usiku, mawe makubwa yakaviringika juu ya nyumba za Ngangu na Kopa, na baadhi ya miili ikachukuliwa na mito hadi Msumbiji. Pale hitaji la kwanza ni tingatinga, waendeshaji wake na daraja la muda. Boti hazina kazi. Ndiyo maana orodha moja ya misaada ya kimbunga kwa nchi nzima, au kwa nchi tatu zilizopigwa, Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, ni uvivu wa ofisini.

Maji ndipo penye hesabu ya kweli. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada huvifuata, vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asipange foleni kupita dakika 30. Beira hutegemea maji yanayosukumwa kutoka mto Pungwe nje ya mji, kwa hiyo umeme ulipokatika bomba lilikauka huku mji mzima ukielea juu ya maji. Visima vifupi vya mitaani vilikuwa vimejaa maji ya vyoo. Katika hali hiyo kuna njia mbili: jenereta kwenye pampu za mji, au mifuko mikubwa ya maji inayojazwa na malori. Jenereta ndiyo inayookoa watu wengi kwa bei ndogo, lakini haipigwi picha, na wafadhili wanapenda kinachopigwa picha.

Mfuko wa lita 10,000 unatosha watu 660 hivi kwa siku. Kazi ya kuutibu ni ya dakika chache ikiwa aliyekabidhiwa anajua anachofanya. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 unachanganywa kwanza kuwa dawa mama ya asilimia 1: gramu 15, kama kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, kwa lita moja ya maji. Acha itulie, chukua maji ya juu, tupa masimbi ya chokaa yaliyozama, kwa sababu hayo ndiyo yanayoziba mabomba na kumfanya mtu adhani pampu imekufa. Ukitaka miligramu 2 za klorini kwa kila lita, mfuko wa lita 10,000 unahitaji lita 2 za dawa mama. Subiri nusu saa. Halafu pima kwenye bomba ambalo watu wanatekea, wala si kwenye mfuko, kwa kile kisanduku chenye kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Unatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 zilizobaki. Ikiwa hakuna rangi, ongeza dozi na upime upya.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni kimoja: maji ni ya tope. Maji ya mafuriko yana udongo, na klorini yote inakwenda kupigana na udongo. Mhudumu anaweka dozi ya vitabuni, hapimi, watu wanakunywa maji yenye harufu ya dawa na vijidudu vyake vyote. Tope linatakiwa kutolewa kwanza kwa shabu, yaani ile ile ambayo bibi zetu walikuwa wakiizungusha kwenye mtungi, maji yaachwe yatulie kwa saa kadhaa, yahamishiwe chombo kingine, ndipo klorini iingie. Maana yake kila kituo kinahitaji vyombo viwili, na mipango mingi huandika kimoja.

Kosa la pili liko nyumbani. Maji safi kwenye bomba yanaingia kwenye ndoo ya wazi, mtoto anachota kwa kikombe, na saa mbili baadaye klorini imekwisha. Kaya inahitaji vyombo viwili vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kutekea na kimoja cha kuhifadhia, na hicho cha pili kiwe na mdomo mwembamba au koki. Dumu lenye mfuniko linazuia kuharisha kuliko mabango ishirini ya kuhimiza kunawa mikono. Na hata hilo bango lina maana pale tu sabuni ipo: gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi.

Hapo ndipo kipindupindu kinapokuja, na ndipo Beira ilipofanya jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Wagonjwa wa kwanza walithibitishwa tarehe 27 Machi, siku 12 baada ya kimbunga. Chanjo ya kunywa ilianza kutolewa tarehe 3 Aprili. Katika siku chache zaidi ya watu 800,000 wa Beira, Dondo, Nhamatanda na Buzi walipata dozi moja moja. Ugonjwa ulipata watu zaidi ya 6,000, na waliokufa walikuwa 8. Mlipuko unaosimamiwa vizuri hutarajiwa kubaki chini ya kifo kimoja kwa wagonjwa mia. Beira ilikuwa karibu na kifo kimoja kwa wagonjwa 800, katika mji usio na paa.

Haikuwa chanjo peke yake. Chanjo huchukua siku kadhaa kuujenga mwili, na kipindupindu kinaweza kuua mtu mzima kwa saa chache. Kilichookoa ni vituo vya matibabu kufunguliwa mapema, karibu na watu, na vikiwa na kitu cha kuweka mshipani. Mgonjwa aliyekauka vibaya anahitaji dripu ya Ringer mililita 100 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu: mtu wa kilo 50 anapokea lita 5, lita moja na nusu kati ya hizo ndani ya nusu saa ya mwanzo. Mpaka apone hutumia kama lita 8, pamoja na pakiti 10 hivi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaoyeyushwa kwenye maji ya kunywa. Wengi zaidi, kama robo tatu ya wagonjwa, hawahitaji dripu kabisa. Wanahitaji kunywa ORS bila kukoma, na mahali pa kuinywea palipo umbali wa kutembea kwa miguu. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, vinashikilia hadi pakiti zifike. Anayegeuza vipimo hivyo, chumvi sita na sukari nusu, anaua, kwa hiyo maelekezo haya yasitolewe kwa redio mara moja tu na kuachwa hapo.

Ndani ya kituo klorini ina nguvu tatu, na zikichanganywa watu wanaugua. Asilimia 0.05 ni ya mikono, 0.2 ya sakafu, vitanda na nguo, 2 ya matapishi, kinyesi na maiti. Ndoo tatu, rangi tatu, maandishi makubwa kwa lugha ya wahudumu wa usafi. Vituo vinavyoandika lebo kwa lugha ya daktari aliyetoka ng'ambo huishia na mikono iliyobabuka na sakafu isiyokufa vijidudu.

Malaria inachelewa. Maji yakiwa bado yanakwenda mbio huchukua na mayai ya mbu. Yakituama na kuanza kukauka ndipo mbu wanapozaliana, kwa hiyo wagonjwa hujaa wiki kadhaa baadaye. Chandarua kilichogawiwa siku ya tano, watu wakiwa wamelala darasani mia moja bila mahali pa kukitundika, kinageuka shuka au wavu wa samaki. Kigawiwe pamoja na turubai na kamba.

Kuhusu chakula, hesabu ya kawaida ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa gramu 400 za nafaka, 60 za kunde, 25 za mafuta, 50 za uji wa lishe na 5 za chumvi, unakaribia hapo. Kwa kaya ya watu watano kwa siku 30, ukiacha uji, ni kilo 60 za unga au mchele, kilo 9 za maharage, mafuta karibu kilo 4 na chumvi robo tatu ya kilo: jumla ni kilo 74 hivi. Helikopta ya mizigo ya Mi-8 hubeba tani 3 hivi, yaani mwezi mmoja wa chakula cha kaya 40. Semitrela moja ya tani 30 inalisha kaya 400. Kwa hiyo kila siku ambayo N6 haipitiki, helikopta inafanya kazi ya lori kwa bei ya dhahabu, na fedha za kwanza kabisa za chakula zingefaa kulipa mawe, makaravati na greda. Wahandisi wa barabara hawahesabiwi kama watoa misaada. Wangepaswa kuhesabiwa.

Halafu kuna upuuzi wa kugawa unga na maharage makavu kwa watu ambao masufuria yao yamekwenda na maji na kuni zote zimelowa. Siku za mwanzo ni za biskuti zenye nguvu na chakula kilichopikwa sehemu moja. Mgao mkavu unafuata sufuria, na maharage yanafuata kuni.

Turubai ndilo limekuwa alama ya misaada yote, na ndilo linaloharibiwa kwa kukosa vitu vya shilingi mia mia. Kipimo cha kawaida ni mita 4 kwa 6, mawili kwa kaya, moja la paa na moja la kuta. La paa likiinamishwa nyuzi 30 linafunika sakafu ya mita za mraba 20 na ushee. Toa ukingo wa kudondoshea maji, unabaki na 17 au 18, karibu sawasawa na mita za mraba 3.5 kwa kila mtu zinazotakiwa kwa watu watano. Likilazwa karibu tambarare, kama watu wengi wanavyofanya ili kupata nafasi zaidi, mvua ya kwanza inatengeneza bwawa katikati na nguzo zinakatika.

Adui wake mkubwa ni msumari. Msumari uliopigwa moja kwa moja kwenye plastiki unatoboa tundu, upepo unalivuta, tundu linakuwa mpasuko, na kwa wiki tatu turubai limekuwa riboni. Fito nyembamba iwekwe juu ya turubai kwenye ubao, msumari upite kwenye fito. Fito ikikosekana, kifuniko cha soda chini ya kichwa cha msumari kinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Pembeni, badala ya kutegemea matundu ya chuma yaliyokuja nalo, funga kokoto ndani ya kona ya turubai, kaza kamba nyuma ya kokoto, vuta hadi kigingi. Plastiki isiachiwe nafasi ya kupigapiga. Kwa hiyo turubai bila mita 30 za kamba, misumari, waya wa kufungia, nyundo, msumeno, panga na jembe ni nusu ya msaada, na nusu hiyo ndiyo inayokuja mara nyingi, kwa kuwa turubai lina nembo ya mfadhili na nyundo haina.

Nyumba za kudumu zina somo la aina hiyo hiyo. Idai iliharibu au kubomoa nyumba kama 240,000. Paa nyingi za bati huondoka zima zima, papi na bati pamoja, kwa sababu papi, yaani mbao zinazobeba bati, zilipigiliwa kwenye kenchi kwa msumari mmoja na kenchi hazikufungwa ukutani. Kugawa bati jipya na kulirudisha kwa namna ile ile ni kuliazima kimbunga kijacho. Mkanda wa chuma au waya mzito unaoshika kenchi na kushuka hadi kwenye nguzo, mbao za mshazari kwenye kona za kuta, paa la mikono minne lenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, na ukingo mfupi: haya yanaongeza gharama kidogo tu. Veranda yenye paa lililoungana na la nyumba ndiyo mlango ambao upepo unapitia kuinua vyote, kwa hiyo itengwe, iwe na paa lake.

Kuna mahitaji ambayo hayamo kwenye lori lolote. Sofala, ambako Beira ipo, ni mkoa wenye maambukizi makubwa ya VVU, na maelfu ya watu walipoteza dawa zao na kadi zao kwa maji yale yale. Kituo kinachodai kadi kabla ya kumpa mtu ARV kinavunja matibabu. Mgonjwa ajieleze, apewe dozi ya mwezi, usajili ufuate. Wajawazito nao hawasubiri. Kifurushi cha uzazi salama ni wembe mpya, sabuni, karatasi ya plastiki, uzi wa kufungia kitovu na glovu, na kinaingia kwenye mfuko wa shati.

Nguo za mitumba, tafadhali, hapana. Kila maafa, kuanzia Msumbiji hadi huku kwetu, watu wema hujaza mabegi. Nguo hizo zinakula nafasi kwenye ndege, zinakaa forodhani, zinahitaji watu wa kuchambua, zinaua soko la muuza mitumba wa pale pale ambaye naye ameathirika. Fedha zinunue kanga au kapulana kwenye duka la Chimoio, na duka hilo lifunguke.

Sasa mgao wenyewe. Mwezi Aprili 2019, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha maelezo ya wanawake wa Nhamatanda waliosema viongozi wa mitaa waliwataka kimapenzi ili wapewe chakula. Lililo gumu ni kwamba mfumo wenyewe ulifungua mlango huo: kiongozi yule yule anaandika orodha, anaita majina, anasimamia gunia. Mtu mmoja akishika vitu vitatu hivyo, uovu unangoja tu mtu mbaya. Tiba yake inajulikana. Anayeandika asigawe. Orodha ibandikwe ukutani siku mbili kabla, watu wapinge hadharani. Wanawake wawe kwenye meza ya malalamiko, na meza hiyo isiwe mbele ya ofisi ya mkuu wa mtaa. Kaya zenye mwanamke peke yake zisajiliwe kwa jina lake, lisiwe la shemeji. Mizani iwekwe njia ya kutokea, mtu mmoja kati ya kumi apimiwe alichobeba. Pale ambapo watu wanaondoka na kilo 52 badala ya 60, tatizo huwa ni kopo la kupimia lililobonyezwa, na mizani pekee ndiyo itakayosema.

Vyoo vina hesabu yake pia: kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha kimoja kwa 20, vitatu vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume, komeo ndani, taa njiani. Shimo liwe mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji na chini yake pabaki mita moja na nusu kabla ya maji ya ardhini. Beira, ambako ukichimba kidogo unakutana na maji, kanuni hiyo haitekelezeki. Huko vinatakiwa vyoo vya kuinuliwa juu ya mapipa, na gari la kunyonya. Wanaopanga wakiwa mbali husahau gari la kunyonya, na mapipa yakijaa choo kinafungwa.

Mbegu. Idai ilifika wiki chache kabla ya mavuno makuu na kuharibu hekta zaidi ya 700,000 za mazao. Mkulima wa mabondeni ana nafasi ya pili: maji yakishuka, kuanzia Aprili hadi Mei, ardhi inabaki na unyevu wa kupanda mahindi ya muda mfupi, maharage na mboga. Dirisha hilo ni la wiki tano au sita. Zabuni ya kimataifa ya mbegu inachukua muda mrefu kuliko hapo, kwa hiyo ama mbegu inanunuliwa kwa wafanyabiashara wa mikoa jirani ambayo haikuguswa, ama haifiki. Na isitolewe peke yake. Kaya yenye njaa ikipewa kilo 10 za mahindi ya mbegu zilizopakwa dawa, itaziosha na kuzila, na zitawadhuru. Mgao wa chakula na wa mbegu uwe siku moja, meza moja.

Juu ya yote haya kuna fedha. Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 20 za mfuko wake wa dharura kwa nchi tatu ndani ya wiki moja, na hiyo ni kasi nzuri. Ombi la Msumbiji la miezi mitatu lilikuwa dola milioni 282. Ukarabati wa uharibifu wa Idai na wa Kenneth, kimbunga kilichofuata, ulikadiriwa dola bilioni 3.2, na mkutano wa Beira wa mwisho wa Mei ukaahidi bilioni 1.2. Katikati, Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji dola milioni 118.2, na ule ulikuwa mkopo. Hauna riba, ni kweli, ila ni deni juu ya nchi iliyokuwa tayari imekabwa na madeni yaliyofichwa, kwa maafa ya hali ya hewa ambayo haikuyachangia kwa lolote la maana. Mtu anayetetea mkopo huo kwa hoja ya riba sifuri aeleze kwanza kwa nini aliyebomolewa nyumba ndiye alipe.

Wiki sita baada ya Idai, tarehe 25 Aprili, Kenneth kilitua Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Msumbiji, kwa upepo wa kama kilomita 220 kwa saa, baada ya kupita kaskazini mwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Haikuwahi kurekodiwa Msumbiji kupigwa na vimbunga viwili vikali namna hiyo katika msimu mmoja. Akiba ya nchi ilikuwa imekwenda Beira, zaidi ya kilomita 1,000 kusini. Miongoni mwa waliopigwa Ibo, Quissanga na Macomia ni Wamwani, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, na Wamakonde, ambao sehemu ya ndugu zao wako Mtwara. Wiki moja baadaye Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, nayo ilitangaza kipindupindu.

Mtwara iliwekwa kwenye tahadhari wiki hiyo na ikaponea. Lindi haikuponea kimbunga cha Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu. Tanzania ilituma dawa na chakula Msumbiji, Zimbabwe na Malawi Machi 2019, jambo la kheri. Linalofaa kuulizwa ni kilichopo kwenye ghala la Lindi leo.

Chukua kaya 1,000, watu 5,000. Maturubai 2,000 na kamba zake. Madumu 2,000. Sabuni kilo 2,250 kwa mwezi. Vyandarua 2,500, kimoja kwa watu wawili. Mabomba ya kutekea 20 na mifuko ya maji minane ya lita 10,000, kwa kuwa mahitaji ni lita 75,000 kwa siku. Vifaa vya kujenga vyoo 100 vya haraka. Ukikadiria wagonjwa wa kipindupindu 100, robo yao mahututi, ni dripu lita 200 na pakiti 1,000 za ORS. Na unga wa klorini wa kutibu maji yote hayo kwa mwezi mzima ni chini ya kilo 7. Zidisha mara mbili kwa ajili ya tope, bado ni ndoo moja inayobebwa na mtu mmoja. Kitu pekee kizito ni chakula, tani 74, na hicho hakihitaji kulala ghalani: mkataba na wenye maghala ya nafaka wa mkoani, wenye bei iliyokubaliwa kabla ya msimu, unatosha.

Klorini ikae kwenye ndoo ya plastiki iliyofungwa, mbali na mafuta na mabati, na ibadilishwe kila mwaka maana nguvu yake inapungua. Dripu na ORS zikabidhiwe hospitali ya wilaya miezi kumi na miwili kabla ya kuisha muda, ghala lijazwe upya. Sakafu ya ghala iwe juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa, na funguo ziwe kwa watu wawili wanaoishi pande mbili za mto.